Chupa ya Tatu

Msomaji, mkono wa Agripina bado uko pale pale tulipouacha Jumapili iliyopita: juu ya kifuniko cha chupa ya uyoga, ndani ya stoo, na kifuniko chenyewe kimevimba kama tumbo la paka mwenye mimba. Mlangoni amesimama mumewe, Haralambie, kaushika mwimo kwa mikono miwili, na ameshauliza lile swali lililotulaza vibaya wiki nzima: "Huyo dada yako amefika saa ngapi?"

Agripina hana dada.

Aligeuka taratibu. Mle stoo walikuwa wao wawili tu na viazi vyao. Haralambie alikuwa anamtazama yeye, halafu anatazama pembeni yake kidogo, halafu anarudi kwake, na kope zote mbili zimemshuka kama za mtu anayesinzia kwenye mahubiri.

Agripina akamwambia aache mzaha, kanisani wamechelewa. Haralambie akajaribu kucheka. Maneno yakamtoka mazito, kama ya mtu aliyetoka kung'olewa jino. Akasema hajanywa pombe, aapishwe kwa chochote. Akasema tangu alfajiri koo limekauka na maji hayateremki.

"Umekula nini?" Agripina akauliza, na moyoni alishajua.

Uyoga. Ijumaa jioni, mkewe alipokwenda barabarani kumkabidhi dereva kifurushi cha binti yao, Haralambie alishuka stoo akafungua chupa moja. Alijua zile chupa ni za Steliana aliye Italia. Lakini ulikuwa mfungo wa kabla ya Krismasi, nyama hapana, maziwa hapana, mayai hapana, na alishachoka kula kabichi. Akala chupa nzima kwa siri, akaosha kijiko, akakirudisha kabatini.

"Ulikuwa mtamu," akasema, kama vile anaomba msamaha.

Gari la wagonjwa lilikuja kwa kujikongoja kwenye matope. Hospitali ya wilaya hawakukaa nao. Walimwangalia macho, wakamwambia atoe ulimi, wakatazamana, wakamrudisha garini kwenda hospitali ya mji mkuu, Chisinau. Njia nzima Agripina alimshika mkono. Njia nzima Haralambie hakuongea, na huyo ni mwanamume ambaye huongea hata na kuku.

Daktari aliyewapokea alikuwa mwanamke, umri sawasawa na Steliana, macho mekundu ya mtu ambaye zamu yake ilitakiwa kuisha jana. Alikuwa anauliza huku anaandika.

Uyoga wa kufunga nyumbani? Ndiyo. Umechemshwa? Ndiyo, vizuri kabisa. Chumvi? Ndiyo.

"Na siki?"

Hapana, Agripina akasema.

Kila mwanamke wa kijijini kwao hutia siki kwenye uyoga. Mama yake alitia, bibi yake alitia, na yeye ametia maisha yake yote. Mwaka huu tu hakutia. Steliana alikuwa analalamika kwenye simu kwamba tumbo linamuunguza, tangu alipoanza kumlea yule bibi kizee wa Padova asiyelala usiku, na kitu chochote kichachu kinamkunja. Basi mama mtu akafikiri: nitaiacha siki, nitachemsha zaidi, nitafunga vifuniko kwa nguvu, mwanangu ale kwa raha.

Mama mwenzangu unayesoma hapa huku chupa zako zinapoa mezani, isome hiyo aya mara ya pili.

Daktari alimweleza bila ukali, hakuwa na nguvu za ukali. Ndani ya chupa isiyo na hewa na isiyo na uchachu, sumu hujiotea yenyewe. Haina harufu. Haina ladha. Pengine kifuniko huvimba, pengine hakivimbi na unajiona salama. Huanzia machoni, mtu akaona kimoja kama viwili, hushuka kooni, halafu hushuka kifuani, na kifua kikishikwa mtu hawezi kuvuta pumzi. Dawa ipo, huizuia sumu isiendelee mbele. Ilikokwisha kupita, haifuti.

"Chupa nyingine ziko wapi?"

Moja iko stoo, Agripina akasema. Moja ndiyo aliyoila mzee. Na tatu zimekwenda Italia na basi dogo la Ijumaa.

Kwa mara ya kwanza daktari akaweka kalamu chini.

"Sasa unakaa hapa na mimi kufanya nini? Piga simu."

Agripina akatoka ukumbini, akakaa kwenye benchi, simu mkononi. Na hapa nitawaambia jambo ambalo yeye mwenyewe hakumwambia mtu. Hakupiga mara moja.

Uyoga wa Agripina ulikuwa na jina. Kila Jumapili mabasi madogo kutoka nyumbani hufika Padova, kwenye maegesho yale yale, na wanawake wanaolea wazee wa Kiitaliano, ambao siku hiyo ndiyo wana ruhusa, huja kuchukua vifurushi vya mama zao. Hawangoji kufika nyumbani. Hufungulia pale pale juu ya boneti za magari, huyu katoa kachumbari, yule soseji ya baba yake, na kila mmoja anaonja cha mwenzake. Steliana alishamwambia mama yake kwamba wenzake hata salamu hawamalizi, wanauliza kwanza, "Mama yako ameleta uyoga?" Agripina hajawahi kuvuka mpaka wowote. Jina lake ndilo lililokuwa linasafiri, ndani ya chupa.

Sasa apige simu aseme nini? Kwamba Agripina amemlisha mumewe sumu?

Alipiga. Simu ikapokelewa katikati ya kelele za wanawake.

"Steliana, mwanangu, ule uyoga usiule," akasema. "Nimesahau chumvi."

Steliana akacheka. "Mama, kwani Italia hakuna chumvi? Wenzangu wameshajipanga hapa. Varvara amekata mkate, anakusubiri wewe umalize kuongea tu."

Nyuma ya sauti ya binti yake Agripina alisikia kisu kinagonga kifuniko, tik, tik, pembeni mwa mdomo wa chupa, vile watu wanavyofanya ili kilegee.

"Weka chini."

"Mama?"

"Iweke chini hiyo chupa, Steliana. Baba yako yuko hospitali. Uyoga wangu ndio uliomlaza."

Kisu kikanyamaza. Mwanamke mmoja akauliza kwa mbali kama mama anasema watie kitunguu saumu. Steliana akamjibu kwamba hakuna anayekula. Akalirudia hilo neno, na mara ya pili sauti ikamkatika.

Agripina akamweleza yote, macho ya baba yake, koo, siki. Steliana hakumlaumu. Afadhali angemlaumu. Aliuliza tu kama baba anaongea, kisha akasema chupa zote mbili anazimwaga chooni sasa hivi.

"Zote tatu," Agripina akasema.

"Nimekuta mbili, mama."

"Nilifunga tatu kwa mikono yangu. Nikazizungushia ile fulana ya zamani ya baba yako."

"Fulana ipo. Chupa ni mbili."

Wenyeji wa safari hizi mtaelewa haraka. Dereva mmoja hawezi kufika mpakani na vifurushi vya kijiji kizima, ataonekana mfanyabiashara. Kwa hiyo kabla ya forodha Ghenadie, dereva wao, husimama kando, akafungua maboksi na kuwagawia abiria: wewe shika hii, sema ni ya mama yako, wewe bibi pakata hizi kachumbari. Wakishavuka anakusanya, anarudisha kila kitu kwenye boksi lake kwa kukumbuka tu, kichwani. Na ana kichwa kweli. Lakini abiria hushuka njia nzima, huyu mji huu, yule mji ule, na mfuko ukisahaulika miguuni mwa mtu umekwenda naye.

Steliana akasema Ghenadie bado yupo, amelala kiti cha nyuma. Alasiri anageuza kurudi nyumbani na abiria wengine. Siku hizi anaendesha peke yake, tangu mwenzake alipopata kazi Ujerumani. Akasema anakwenda kumwamsha na kumwambia kuna sumu.

"Usimwambie sumu," Agripina akasema haraka.

"Mama."

"Ghenadie akijua, kesho kutwa wanajua mpaka ng'ombe. Muulize chupa tu. Mwambie imepungua."

Hapo ndipo ningemshika mkono, kama ingewezekana kumshika mtu mkono ndani ya gazeti.

Akasikia binti yake anagonga kioo. Akasikia mlango wa basi unaburuzwa, na sauti ya Ghenadie, ya usingizi, inalalamika kwamba tangu Ijumaa ndiyo kwanza amefumba macho, na hawa wanawake watamzika huku huku ugenini. Steliana akamuuliza kuhusu chupa. Halafu Ghenadie akaomba simu azungumze na mama mwenyewe.

"Mama Steliana, shikamoo. Nisamehe. Chupa yako moja imenivunjikia pale mpakani, wakati tunahamisha mifuko. Nimeifagia nikaitupa. Nilikuwa naona aibu kusema."

Agripina akafunga macho. Akamwambia haina neno, mwanangu. Akamwambia Mungu ambariki, amlinde barabarani, ampe maisha marefu. Ghenadie lazima alishangaa. Nadhani hakuna dereva aliyewahi kubarikiwa hivyo kwa kuvunja chupa ya mtu.

Agripina akaegemeza kichwa ukutani. Uchovu aliokuwa ameushikilia tangu asubuhi ukamshukia wote kwa pamoja, kuanzia mabegani. Mama mmoja aliyekuwa kwenye benchi hilo hilo akamkaribisha mkate na maharage ya kusaga. Agripina akaliangalia lile bakuli, akashukuru, akageuza uso.

Mlango ukafunguliwa, daktari akatoka. Akasema dawa ameshatiwa. Akasema pia kwamba kifua kimechoka, kwa hiyo wamempumzisha kwenye mashine, inampumulia. Agripina akauliza kwa muda gani. Daktari akasema kwa wengine ni wiki, kwa wengine miezi, na akakaa naye kwenye benchi kidogo, si kwa kumfariji, nafikiri miguu tu ilikuwa inamuuma.

Simu ikalia. Steliana.

"Mama, kaa chini."

"Nimekaa."

"Haikuvunjika."

Ni Varvara. Huyu Varvara aliyekata mkate, mwanamke wa kijiji cha jirani, alikuwa amesafiri na basi lile lile. Wakati wote Steliana anahangaika na chupa yeye alikuwa anakunja mfuko wake wa plastiki, anaukunjua, anaukunja. Ghenadie alipokwisha kuondoka ndipo akamvuta Steliana pembeni, akauliza kama ni kweli baba yake anaumwa kwa uyoga. Steliana akamwambia kweli. Varvara akakaa chini, pale pale kwenye lami.

Jumamosi jioni, Hungaria, walisimama sehemu ya malori kupumzika. Abiria wakatoa soseji na jibini. Ghenadie hakugusa. Mwaka huu alimwekea nadhiri mama yake mgonjwa kwamba mfungo ataushika wote, hata barabarani. Alikuwa anazunguka gari lake, anameza mate, gari limejaa nyama ya kijiji kizima. Mwishowe akaingia nyuma, akatoka na chupa ya uyoga. Akasema nyama hagusi, jibini hagusi, na kwa uyoga wa Agripina Mungu atamwelewa. Varvara ndiye aliyempa mkate. Aliwaomba wote wasiseme, maana dereva anayekula vya watu hapewi kifurushi tena, na kazi yake imekwisha.

Mfungo aliushika vizuri sana. Mzigo wa watu ndio uliomshinda.

"Nani mwingine alikula?"

"Hakuna. Alikula peke yake. Varvara anasema mpaka chupa aliipangusa kwa mkate."

"Yuko wapi sasa?"

"Njiani, mama. Ameondoka kitambo. Gari limejaa, watu wanarudi kwa sikukuu." Steliana akashusha pumzi. "Nimempigia, hapokei. Namba yangu anaijua, anafikiri nataka chupa."

Agripina akakata, akampigia Ghenadie mwenyewe. Ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Daktari bado alikuwa kwenye benchi, sasa amenyooka, anasikiliza. Mara ya tatu ikapokelewa, na nyuma kulikuwa na mvumo wa barabara na redio ya chini.

"Mama Steliana." Sauti ilikuwa nzito, ya puani. "Mambo ya chupa tena? Si nimeshaomba msamaha?"

"Hukuivunja, Ghenadie. Umeila."

Redio ikazimwa.

"Nani kasema?"

"Varvara."

"Varvara ana mdomo," akasema, kisha akaendelea polepole zaidi. "Mama, ulikuwa mfungo. Nimeendesha siku mbili kwa chai na mkate. Usiniharibie jina kwa ajili ya uyoga. Nina watoto."

"Sikudai. Sikiliza, sikudai chochote. Simamisha gari."

Akamwambia. Safari hii hakusahau chumvi wala hakuficha siki, alisema sumu, akasema ni mimi niliyeipika. Ghenadie akasikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, akajibu kwamba yeye ni mzima, amechoka tu, kwani nani hapa hajachoka. Kope nzito, ndiyo, lakini hizo ni kope za dereva, anazijua miaka yote. Atasimama kituo kinachofuata anywe kahawa. Ya kwanza ilimtokea puani, labda aliinywa kwa haraka.

Agripina alimwangalia daktari, akamwambia hilo la kahawa. Daktari akasimama.

"Mwambie asimame sasa hivi," akasema. "Si kituo kinachofuata. Sasa."

"Ghenadie, daktari yuko hapa, anasema sasa hivi."

"Mama, nina watu wanane. Kuna bibi na mjukuu. Nikiwashusha kwenye baridi katikati ya milima ya watu, niwaambie nini?"

Halafu akauliza swali ambalo Agripina alikuwa anaomba asiulize. Aliliuliza chini chini, kama mtu anayeficha simu kwa kiganja.

"Mzee Haralambie anaendeleaje? Niambie kweli."

Fikirini. Akisema yuko nafuu, kijana huyu atashusha pumzi, atakanyaga mafuta, atawaendesha watu wanane kuelekea nyumbani na kope zake zinazoshuka. Akisema kweli, anamtia hofu ya kifo mtu aliyeshika usukani. Na kesho kijiji kizima kitalitamka jina la Agripina kwa namna nyingine, mpaka atakapokufa. Siku hiyo ulimi wake ulishatoa uongo mara moja, wa chumvi, na mara ya pili ukaomba ukweli ufichwe. Mara zote mbili ilikuwa rahisi.

"Hawezi kupumua mwenyewe," akasema. "Mashine ndiyo inampumulia. Alianza kama wewe, mwanangu. Alianza hivyo hivyo."

Mvumo wa barabara uliendelea. Ukaendelea tena. Kisha akasikia indiketa inalia, na kokoto chini ya magurudumu, na injini ikishuka taratibu mpaka ikazimika. Abiria wakaanza kuuliza kwa usingizi. Kuna aliyedhani wamefika mpakani. Mtoto alitaka kukojoa.

"Jamani," Ghenadie akawaambia, na ulimi wake ulikuwa unaburuza kila neno. "Nani humu ndani ana leseni?"

Agripina alibana simu sikioni kwa mikono yote miwili, akingoja hata mmoja ajibu.

Hakuna aliyejibu.